Pasipoti tulipata, chanjo tulichoma, ila kupimwa damu mume wangu aliogopa: safari yetu ya Ulaya iliyoishia Lambwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Juzi nimeona kijana mmoja humu anauliza, safari ya kuzunguka Ulaya kwa gari inataka makaratasi gani na chanjo gani. Akajibiwa vizuri tu. Visa moja, bima, basi.

Nikasoma nikaweka simu chini. Baadaye nikairudia tena.

Nikaona wacha niandike, maana hayo maandalizi mimi niliyafanya yote, miaka ya tisini mwanzoni, na hatukufika hata airport.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyonipata, sina sababu ya kuwadanganya na umri huu.

Mimi ni Mkuria, kwetu ni upande wa Migori, karibu na Isebania pale mpakani. Niliolewa Lambwe kwa Wajaluo, na dereva mmoja anaitwa Owino.

Yeye Kikuria hakujua. Mimi Kijaluo nilijua cha kununua nyanya tu. Kwa hivyo nyumba yetu ikawa ya Kiswahili, hadi watoto. Mama mkwe alikuwa anatucheka, "Hii nyumba mnaongea kama ofisi ya DO."

Wenyeji waliniita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria. Hadi leo wananiita hivyo.

Owino aliendesha gari la mradi wa maji. Bosi wake alikuwa Mjerumani, nitamwita Klaus, na mke wake Renate. Kwa miaka mingi Owino alimpeleka Klaus kila mahali: Mbita, Sindo, milimani Gwassi, kwenye matope ambayo hata punda anafikiria mara mbili. Jumapili alikuwa anasaidia mdogo wake, Ouma, kuchunga ng'ombe wa boma kule chini karibu na ua wa mbuga ya wanyama.

Mkataba wa Klaus ulipoisha, siku ya kuagana alisema mbele ya watu wote, na Kiswahili chake cha kuvunjika, "Owino, wewe imenionyesha barabara yako. Sasa mimi itakuonyesha yangu."

Tukadhani ni maneno ya kuagana. Wazungu huahidi.

Kumbe alimaanisha. Barua ikaja. Yeye na Renate wana gari kubwa la kulala ndani, wanataka mimi na Owino twende tuzunguke nao: Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa, Uswisi, hadi Italia. Tiketi ni juu yao. Sisi tutafute makaratasi tu.

Makaratasi TU.

Vijana wa siku hizi hamjui. Wakati huo hakukuwa na visa moja ya kuingia nchi zote. Kila nchi na ubalozi wake, kila ubalozi na form zake. Na kabla hujafika huko, lazima uwe na pasipoti, na kabla ya pasipoti lazima uthibitishe wewe ni nani.

Mimi sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa nyumbani. Nikarudi Migori na baba yangu kutafuta barua ya chifu, halafu tukaenda kwa ofisa mmoja wa usajili. Akaniangalia juu hadi chini.

"Mama yako alizaliwa wapi?"

"Sirari."

"Sirari ni Tanzania."

"Ni ng'ambo ya barabara tu, bwana."

"Ng'ambo ya barabara ni nchi ingine, mama. Nitajuaje wewe si wa huko?"

Baba akavua kofia. Mzee wangu hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini siku hiyo alibembeleza. Akaeleza mashamba, koo, makaburi ya babu zake yako wapi. Tulirudi pale mara nyingi hadi askari wa mlangoni akawa anatusalimia kwa jina. Mwishowe cheti kikatoka.

Halafu cheti cha ndoa. Ng'ombe walipelekwa kwetu, watu wakala, wakacheza, lakini karatasi hakuna. Kwa hivyo tukaenda kufunga ndoa kwa DC, mkuu wa wilaya, na sisi tayari tuna watoto! Owino alivaa koti la zamani la Klaus, mikono ilikuwa mirefu hadi vidole havionekani. Ofisa akauliza kama kuna mtu ana pingamizi, na binti yetu Achieng akapiga chafya. Ofisi yote ikacheka.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka Owino akicheka hadi anashika tumbo.

Pasipoti zikatoka Nairobi. Tukaenda Kisumu kuchoma chanjo ya homa ya manjano na kupewa zile kadi. Mkono wangu ulivimba, wake haukufanya kitu. Owino akachukua na kibali cha kuendesha gari nchi za nje, maana Klaus alisema atampa usukani kwenye zile barabara zao pana. Jioni alikuwa anatandaza ramani mezani na kunitajia miji. Watoto walishika majina ambayo hata mimi siwezi kuyatamka.

Kikabaki kitu kimoja. Kampuni ya bima huko Ujerumani ilisema haikubali mtu bila cheti cha daktari. Kifua, mkojo, damu. Na bila bima hakuna ubalozi utakaopokea form.

Mimi nikaenda Homa Bay nikapimwa nikamaliza.

Owino akasema ataenda wiki ijayo.

Wiki ijayo gari likaharibika. Ikafuata nyingine, kuna wageni wa mradi. Halafu kuna mazishi. Kila wiki kulikuwa na kitu.

Mazishi hayo hayakuwa uongo, wakuu. Nyinyi mliokuwa wakubwa wakati huo mnajua. Jumamosi haikupita pwani yote ya ziwa bila jeneza. Watu walikonda, wakakohoa, wakafa, na hakuna aliyetaja jina. Wazee walisema ni chira, laana ya kuvunja miiko. Vijana walisema "ule ugonjwa". Hospitali mtu alienda tu akishabebwa.

Na Owino alikuwa ameanza kukonda.

Ilianza na uvimbe shingoni, kama jipu lisilotaka kuiva. Ukaisha wenyewe. Halafu homa, inakuja na kwenda. Akanunua dawa za malaria dukani, akapata nafuu, ikarudi. Kichwa kikawa kinamuuma kila siku. Viungo pia.

Halafu akaanza kulala mchana.

Si usingizi wa uchovu. Mtu anakula, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni, macho yanafunga. Ukimwamsha anakasirika. Owino, mtu ambaye sikuwahi kusikia amefokea hata mbuzi, akawa anafokea watoto kwa kuangusha kikombe. Usiku sasa ndio hapati usingizi.

Majirani wakaanza kuja kutusalimia sana. Mnajua ile salamu ya kuja kuangalia.

Alasiri moja nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa karibu na tangi la maji. Nikamwambia, "Baba Achieng, twende hospitali. Sahau safari. Twende kwa sababu wewe ni mgonjwa."

Akafunga macho. Nikafikiri amelala tena.

Kisha akasema, "Robi, unajua wakinitoa damu watatafuta nini."

"Watafute."

"Ule mwaka tulipeleka mabomba Remba, nilikaa kule kisiwani muda mrefu."

Hakuongeza. Remba ni kisiwa kidogo, kimejaa watu, samaki, pesa ya jioni na wanawake wanaoifuata. Sikuhitaji kuongezewa.

Sitawadanganya kwamba haikuniuma. Niliangalia maji yanayodondoka kwa mfereji wa lile tangi. Nikamwambia, "Kama iko, tuko nayo wawili. Mimi nimeshapimwa na sijaambiwa kitu. Twende."

"Hukuambiwa kwa sababu hukuuliza."

Hapo alisema kweli. Siku hizo daktari angeweza kukupima na asikwambie chochote.

"Nikijua nitakufa haraka," akasema. "Wacha kwanza niwapeleke mkaone ile milima ya theluji. Nikirudi nitapimwa."

"Na bila kupimwa utapandaje ndege?"

Alikuwa amesinzia.

Klaus akapiga simu ofisi ya mradi kuuliza cheti kiko wapi, maana wakati unaenda. Nilikuwa pale. Nikamsikia mume wangu akijibu na ulimi mzito kama mlevi, yeye ambaye pombe hakuwahi kuonja. Akaahidi. Alipomaliza kuongea hakurudisha simu mahali pake, alikaa nayo mkononi na macho yamefunga, na sauti ya Klaus inaita kutoka ndani, "Owino? Owino?"

Niliichukua nikamwambia Klaus kwa Kiswahili rahisi, "Ni mgonjwa. Hataki daktari."

Klaus akasema, "Mama Achieng, mlete kwa nguvu."

Kwa nguvu utamleta vipi mwanaume mzima? Nilimwomba pasta, akaja akaomba akaenda. Nilimwomba mama mkwe, akasema mwanawe ana mawazo ya safari tu, na kuna watu wana wivu na hiyo safari, na yeye anawajua. Akaleta mtu wa kumfukizia majani.

Kilichompeleka hospitali ni gari. Mchana kweupe, barabara iliyonyooka, Owino alilala kwenye usukani, lori la mabomba likaingia mtaroni. Hakuumia sana, alichubuka tu. Lakini mradi ukamnyang'anya funguo, na waliomtoa mle ndani hawakumuuliza anataka kwenda wapi. Walimpeleka moja kwa moja hospitali ya misheni upande wa Migori.

Nikamkuta huko. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Alikuwa amemtoa damu kuangalia malaria. Akaingia na swali moja tu.

"Nyinyi mnaishi wapi hasa?"

"Lambwe," nikasema.

"Karibu na mbuga?"

"Ng'ombe wetu wanachungwa pale kwenye ua wake."

Akakaa kwenye kitanda. Mkishaona daktari anakaa, wakuu, jueni.

Akatuambia ameona vijidudu kwenye damu. Ni malale. Ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na mbung'o, wale nzi wanaouma ambao sisi tulikuwa tunawafukuza na majani bila kuwafikiria.

Owino akafungua macho. "Si ukimwi?"

"Huo majibu yake bado. Lakini hii ninayoiona ni malale."

Akaanza kucheka. Akanishika mkono, "Robi, umesikia? Malale! Si hii ya ng'ombe? Ng'ombe wanachomwa sindano wanapona!"

Daktari hakucheka. Akanivuta nje kwenye baraza. Akaniambia ugonjwa huu ukikamatwa mapema, ukiwa kwenye damu tu, sindano inautoa. Ukichelewa unaingia kwenye ubongo. Kule kulala mchana ni ubongo.

"Angekuja alipoanza homa," akasema. Kisha akanishika bega, nadhani aliona uso wangu.

Tulihamishiwa hospitali nyingine, mbali, kule karibu na mpaka wa Uganda, ambako walikuwa na dawa yenyewe. Walimtoa maji ya mgongo. Wadudu walikuwa wameshaingia huko.

Daktari wa kule alikuwa kijana, hakuzunguka. "Mama, dawa ya hatua hii ni sumu kali. Inachoma mishipa ikiingia. Wengi inawaponya, wachache inawaua. Bila dawa hakuna anayepona." Akanipa karatasi ya kukubali matibabu.

Nilikuwa nimejaza karatasi nyingi mwaka huo. Hiyo sikuweza.

Asubuhi iliyofuata Owino aliamka na akili zake zote. Ilikuwa inatokea hivyo wakati mwingine, saa moja ya mtu mzima. Nikamwonyesha. Akasoma polepole, akaniuliza kalamu iko wapi.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Nimeogopa mwaka mzima, nimechoka. Weka sahihi, Robi."

Nikaweka. Na yeye akaweka yake chini ya yangu, imepinda.

Mzunguko wa kwanza wa sindano ulimtesa lakini akavuka. Akaanza kukaa, akaanza kula. Siku hizo ndipo majibu ya ukimwi yakafika kutoka Migori. Hakuwa nao. Nilimwinamia sikioni nikamwambia, "Damu yako haina kitu. Umesikia? Haina."

Akatabasamu. Ulimi ulikuwa bado mzito. Akasema, "Basi tutasafiri."

Nikamwambia ndiyo, tutasafiri.

Mzunguko wa pili mwili ulikataa. Alishikwa na degedege, akapoteza fahamu. Nilikuwa nimetoka kumfulia shati bombani, asubuhi hiyo. Niliporudi nalo bado mbichi nikakuta pazia limevutwa na nesi amesimama mbele yake. Hakuna aliyeniambia, lakini shati lilinianguka.

Tulimzika Lambwe. Klaus na Renate walikuja. Klaus alichukua koleo akafukia kaburi pamoja na vijana.

Sasa hapa ndipo mambo mengine yalianza.

Mama mkwe alisema mbele ya waombolezaji kwamba makaratasi ndiyo yaliyomuua mwanawe. "Tangu hii Mkuria alete mambo ya Ulaya, mtoto yangu hajalala vizuri." Sikumjibu. Alikuwa amefiwa kama mimi. Lakini moyoni nilijua, yale makaratasi ndiyo peke yake yaliyokuwa yanamwita hospitali. Kila kitu kingine kilikuwa kinamwambia akae.

Baada ya muda wazee wakaniita. Mnajua mila ya huko, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Ndugu alikuwa Ouma, yule wa kuchunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa pale kichwa chini, naye pia hakuulizwa.

Wazee walipomaliza, nikasimama. Mwanamke hakutakiwa kusimama, lakini nilisimama.

"Hakuna mtu ataingia nyumba yangu kabla hajapimwa damu."

Watu wakaguna. Wote walifikiri jambo moja tu, na Ouma pia. Akainua kichwa, uso umebadilika.

"Nyar Kuria, unaniaibisha mbele ya wazee? Unaniita mgonjwa?"

"Sijakuita kitu, shemeji. Ndugu yako amekufa kwa kuogopa kipimo. Wewe nenda. Uwaambie unatoka Lambwe, na unachunga karibu na mbuga. Uwaambie hivyo hivyo."

Alitoka kwa hasira. Kesho yake akaenda Homa Bay kuthibitisha kwamba yeye ni msafi, arudi na karatasi anitupie usoni.

Hakurudi siku hiyo. Wala iliyofuata. Mama mkwe akaanza kulia.

Walimkuta na malale. Ndio kwanza, kwenye damu tu. Hata usingizi ulikuwa haujaanza, alikuwa na homa ndogo aliyoificha. Akachomwa zile sindano nyepesi, akapona kabisa.

Aliporudi nyumbani alikuja hadi mlangoni kwangu, akasimama nje. Hakuingia. Akasema, "Sitakurithi," akaenda. Na akawaambia wazee hivyo hivyo. Mpaka leo hajawahi kusema asante, na sijawahi kungoja. Amezeeka sasa, ana wajukuu, ng'ombe zake anawachunga mbali na ule ua. Inanitosha.

Lakini kuna siku namwona kwa mbali, mgongo wake ni wa Owino kabisa, na inabidi nigeuke niangalie kitu kingine.

Klaus na Renate waliniandikia wakisema nafasi yangu bado ipo, niende hata peke yangu. Nikakataa. Pasipoti iliisha muda wake bila muhuri hata mmoja. Wao pia sijui kama walienda. Sikuuliza.

Kwa hivyo kijana uliyeuliza, na wengine wote mnaojiandaa: makaratasi tafuteni mapema, cheti cha kuzaliwa hasa, na hasa kama unatoka mpakani. Chanjo chomeni na kadi muiweke vizuri. Lakini kile kipimo cha daktari msikichukulie kama karatasi ya kumfurahisha balozi. Kifanyeni kwa ajili yenu. Na daktari akikupima, mwambie unakaa wapi, unafanya kazi gani, ni mdudu gani anakuuma. Asipouliza, mwambie tu.

Mume wangu aliogopa jina la ugonjwa ambao hakuwa nao, akauawa na ule aliokuwa nao, na huo ulikuwa na dawa. Siku hizi hata ule wa kwanza una dawa. Kama una mtu nyumbani anayesema "wiki ijayo", nakuomba.

Mwenye kisa kama hiki, au aliyepoteza mtu kwa namna hii, aandike hapa chini, nitasoma yote. Wa kunikosoa pia anakaribishwa, nimeshasikia mabaya zaidi.

Na mwenye swali la makaratasi aulize, hayo bado nayakumbuka moja moja. Ya Ulaya yenyewe waulizeni waliofika.